Jiwe Ndani ya Ngumi

Mwishoni mwa mwaka 1888, Mnorwei mmoja wa miaka 27 alikwama Godthåb, mji ambao leo unaitwa Nuuk, katika pwani ya magharibi ya Greenland. Jina lake Fridtjof Nansen. Yeye na wenzake watano walikuwa wametoka kuivuka Greenland kwa miguu na ski, kutoka mashariki hadi magharibi, juu ya barafu ambayo hakuna aliyejulikana kuwahi kuivuka. Walipofika pwani, meli ya mwisho ya mwaka ilikuwa imeshatweka. Ikawa hakuna budi kungoja mpaka Aprili. Nansen hakuungoja mwezi huo kwa kukunja mikono. Aliingia majumbani mwa Wainuiti, wenyeji wa nchi hiyo, akala walichokula, akajifunza kuendesha kayaki zao.

Huko aliona jambo ambalo alilisimulia katika kitabu alichokichapisha mwaka 1891 kuhusu maisha ya watu wale. Mwindaji aliyeketi ndani ya kayaki yake alichukua jiwe, akalifumbata mkononi, kisha akajipindua kwa makusudi. Chombo kikalala kifudifudi, na mwenye chombo akawa ananing'inia chini yake, kichwa kikielekea vilindini. Halafu kayaki ikageuka tena, mtu akaibuka, na jiwe lilikuwa bado limo ndani ya ngumi.

Jiwe lile lilikuwa ushahidi. Mwindaji wa kawaida hujigeuza kwa kafi. Aliye hodari hujigeuza kwa kijiti cha kurushia chusa, na aliye hodari zaidi kwa kiganja kilichokunjuliwa. Mtu yule alitaka ionekane kwamba hata kiganja hakukihitaji.

Leo kuna maelfu ya watu duniani wanaoendesha kayaki baharini kwa starehe, na katika kila kozi hufundishwa namna ya kujiokoa chombo kinapopinduka na hakuna mwenzako karibu. Vitabu huiita mbinu ya michezo. Asili yake haikuwa mchezo. Ilizaliwa katika kazi ya kutafuta nyama, miongoni mwa watu waliotoka asubuhi peke yao kwenye bahari ya barafu huku mke na watoto wakiwasubiri ufukweni, na historia yake haieleweki mtu asipoanzia hapo.

Anayeanza na chombo chenyewe ataelewa haraka. Greenland haina misitu ya mbao. Mataruma ya kayaki yalichongwa kwa magogo yaliyochukuliwa na mito ya Siberia, yakaelea na barafu ya bahari ya kaskazini, yakatupwa ufukweni baada ya safari ya miaka. Mbao hizo hazikupigwa misumari. Zilifungwa kwa kamba za ngozi ili kiunzi kizima kiweze kujipinda kidogo wimbi linapopita. Vipande vya viunzi vya namna hii vimefukuliwa mahali paitwapo Qeqertasussuk, katika ghuba ya Disko, na umri wake unakadiriwa kuwa miaka 4,000 hivi.

Vipimo vilitoka mwilini. Mafundi wa majahazi wa Lamu na Unguja wanaohesabu kwa pima, dhiraa na shibiri wangeelewana na fundi wa Greenland bila mkalimani. Urefu wa kayaki ulikaribia pima tatu za mwenyewe. Upana wake ulikuwa nyonga zake na ngumi mbili. Kafi lilikuwa pima moja na dhiraa moja, na bapa lake jembamba kiasi cha kushikika mkononi. Kwa hiyo chombo cha kaka hakikumfaa mdogo wake. Kayaki ilivaliwa, kama kiatu kinavyovaliwa.

Juu ya kiunzi zilinyoshwa ngozi za sili, na hapo kazi ilikuwa ya wanawake. Sindano yao ilipita katikati ya unene wa ngozi bila kutokeza upande wa pili, wakashona mshono juu ya mshono mpaka maji yasipate mlango. Wao ndio walioshona pia tuilik, joho la ngozi lenye kofia. Lilikazwa kuzunguka uso na vifundo vya mikono, na upindo wake ukafungwa kwenye ukingo wa tundu la kukalia. Mwindaji aliyelivaa alikuwa amegeuka kuwa sehemu ya chombo. Akipinduka, maji hayaingii ndani, na hewa iliyobaki katika vazi na kayaki inasaidia kuwainua wote wawili. Wanaume ndio waliosifiwa kwa kujigeuza baharini, na masimulizi mengi ya wasafiri wa Ulaya yanaishia hapo. Lakini mgeuko wowote uliofaulu ulitegemea sindano ya mwanamke. Uzi mmoja ukilegea, ustadi wote wa baharini ni bure.

Mtu wa pwani ya Afrika Mashariki akiitazama kayaki ya Greenland atajiuliza marengu yako wapi. Ngalawa nayo ni gogo jembamba lisiloweza kusimama peke yake majini, na jibu la pwani yetu lilikuwa kupitisha matengo na kufunga marengu pande zote mbili ili chombo kisipinduke. Mwindaji wa sili hakuweza kufanya hivyo. Alihitaji kunyemelea mnyama mwenye masikio makali, kupenya kati ya vipande vya barafu, kurusha chusa kwa mkono mmoja, na kukibeba chombo begani kukivusha juu ya barafu. Marengu yangemkwamisha. Kwa hiyo alikubali kwamba atapinduka, akautumia ujana wake wote kujifunza kurudi.

Kwa nini asitoke tu na kuogelea? Kwanza, wengi wa wawindaji hao hawakujua kuogelea, na katika maji yale kujua kusingewafaa sana. Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, aliyetumia miaka mingi kuchunguza mwili wa binadamu ndani ya maji ya baridi, amefupisha jambo hilo kwa tarakimu tatu: dakika 1, dakika 10, saa 1. Dakika ya kwanza mtu anahema bila kujizuia, na akivuta pumzi kichwa kikiwa chini, basi. Katika dakika 10 zinazofuata vidole na mikono hufa ganzi mpaka hawezi kushika kamba. Baada ya takriban saa nzima fahamu humtoka. Mwindaji wa Greenland hakuwa na tarakimu hizo, lakini alizijua kwa kuwaona jirani zake walivyokufa. Kutoka ndani ya kayaki kulikuwa kufungua mlango wa kaburi. Mgeuko mzuri huchukua sekunde chache, kabla baridi haijapata nafasi.

Maelezo ya kwanza yenye undani kuhusu mbinu hizo yaliandikwa na mtu wa kanisa. David Crantz alikuwa Mmoraviani, wa kanisa lilelile ambalo mwaka 1891 wamisionari wake walifika Rungwe, kusini mwa Tanzania. Wamoraviani walikuwa Greenland tangu 1733. Crantz alikaa nao huko mwaka 1761 na 1762, na kitabu chake cha historia ya nchi hiyo kilitoka kwa Kijerumani mwaka 1765, kisha kwa Kiingereza miaka miwili baadaye. Ndani yake aliorodhesha mazoezi kumi ambayo kijana alipaswa kuyapitia, na orodha hiyo inastahili kusomwa polepole, kwa sababu kila zoezi ni jina la ajali fulani.

La kwanza ni kulala ubavu juu ya maji na kujizuia kwa kafi usizame. La pili ni kupinduka kabisa na kurudi kwa upande wowote. Haya mawili, anaeleza Crantz, ni ya siku ya mawimbi, mtu akiwa na kafi mkononi na hakuna kilichomfunga. Lakini sili aliyechomwa chusa hukimbia na kamba, na kamba humzunguka mwindaji. Ndiyo maana lipo zoezi la kuchomeka ncha moja ya kafi chini ya kamba za juu ya kayaki, kana kwamba limenaswa, kisha kupinduka na kurudi kwa kuchezesha ncha iliyobaki. Lipo la kuliuma kafi kwa meno upande mmoja na kulisukuma kwa mkono upande wa pili. Lipo la kulishika nyuma ya shingo, lipo la kulishika nyuma ya mgongo kwa mikono yote miwili, na lipo la kulilaza begani, mkono mmoja mbele na mwingine nyuma.

Halafu yanakuja mazoezi ya mtu aliyepoteza kafi, na hapo, anasema, ndipo hatari ilipo kubwa zaidi. Kijana anajipindua akiwa ameliachia, kisha kichwa kikiwa chini ananyosha mkono kulitafuta linakoelea, analivuta, na kujiinua nalo. La kumi ni la mtu ambaye hawezi kulifikia tena. Huyu anachomoa kijiti cha kurushia chusa, au kisu, au anayapiga maji kwa kiganja kitupu. Crantz anaongeza kwamba hili hufaulu kwa nadra.

Zaidi ya miaka 120 baadaye, kilomita chache tu kutoka alipokaa Crantz, Nansen alimwona mtu mwenye jiwe.

Hakuna muujiza ndani ya mgeuko, ingawa ukiutazama kwa mara ya kwanza unaweza kudhani upo. Aliyepinduka huinama kwanza, uso ukielekea staha, ili kujikinga na kuliweka kafi sambamba na ubavu wa chombo. Kisha hulifagiza bapa la kafi juu ya uso wa maji, kwa tao pana, huku mwili ukifuata na kujilaza karibu na uso huo, ambako maji yenyewe yanaubeba. Kazi ya kukigeuza chombo haifanywi na mikono. Inafanywa na goti na nyonga, goti la upande mmoja likisukuma staha kwa ndani. Chombo hutangulia, mwili hufuata, kichwa huwa cha mwisho.

Kichwa kuwa cha mwisho ndiyo sehemu ngumu. Kila kiungo cha mwanadamu aliye chini ya maji kinamwambia ainue kichwa apumue. Akiinua, uzito wake unakikandamiza chombo kirudi kifudifudi, na nafasi imepotea. Kujifunza mgeuko ni kuizoeza hofu ikae kimya kwa sekunde tatu au nne. Mtu mzima anaweza kulifikia hilo kwa juhudi. Mtoto aliyelelewa nalo halihesabu hata kuwa ujasiri.

Hata hivyo mbinu zote kumi hazikuwafanya wawindaji kuwa salama, na itakuwa kosa kuwageuza kuwa mashujaa wasiokufa. Si kila mmoja aliweza kujigeuza. Katika karne ya 19, kufa maji ndani ya kayaki kulikuwa miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya wanaume wa Greenland, na nyumba iliyopoteza mwindaji ilipoteza chakula, mafuta ya taa na ngozi za nguo kwa mkupuo mmoja. Dharuba haikuwa adui pekee. Walikuwapo pia sili wakali, barafu yenye makali ya kuchana ngozi ya chombo, na vilima vya barafu vinavyojipindua bila onyo.

Adui mmoja alikuwa wa ajabu zaidi. Sisi huku tukisema bahari ni shwari tunamshukuru Mungu. Kwa mwindaji aliyekaa peke yake ndani ya kayaki, akingoja sili bila kusogea, bahari shwari yenye jua la mbele ingeweza kuwa mtego. Maji na mbingu vinakuwa kioo kimoja, mstari wa upeo unatoweka, na akili inapoteza pa kushika. Mtu anaanza kuhisi chombo kinainama wakati hakijainama, miguu inapoa, kayaki inaonekana kama inajaa maji, naye hathubutu kugeuza shingo. Wagreenland huiita hali hiyo nangiarneq, na madaktari wa Denmark waliandika sana kuihusu tangu karne ya 19. Mwenzake akifika na kuigusa kayaki yake, au upepo ukiyatikisa maji, mara nyingi hali inapita. Wengine iliwarudia mpaka wakaacha kabisa kwenda baharini peke yao, na kwa mtu ambaye riziki yake yote iko baharini, hilo lilikuwa pigo zito. Dawa yake haikuwamo katika mazoezi kumi ya Crantz. Ilikuwa mtu mwingine.

Nansen naye alikuja kupata somo lake mwenyewe. Tarehe 12 Juni 1896, yeye na Hjalmar Johansen walikuwa katika visiwa vya Franz Josef, wakirudi kutoka jaribio la kuifikia Ncha ya Kaskazini. Walikuwa wamezifunga kayaki zao mbili pamoja, zikabeba kila walichokuwa nacho: chakula, bunduki, risasi. Walipanda juu ya barafu kutazama njia. Walipogeuka, kamba ya ngozi ilikuwa imekatika na vyombo vinapelekwa na upepo. Nansen akavua baadhi ya nguo, akampa mwenzake saa, akajitupa. Aliogelea mpaka viungo vikaanza kukataa, akajilaza chali, akapumzika, akaendelea. Alipozifikia nusura ashindwe kujipandisha, mwili ulivyokuwa umekakamaa. Akiwa njiani kurudi, anatetemeka vibaya, aliwaona ndege wawili wa baharini karibu na omo, akawapiga risasi, wakawa chakula cha jioni. Siku tano baadaye walikutana na Mwingereza Frederick Jackson na wakawa wamepona. Kisa hicho hupendwa kusimuliwa kama ushujaa, nacho ni ushujaa kweli. Lakini kinaonyesha pia ni nguvu kiasi gani mtu hutumia akitengana na chombo chake hata kwa dakika chache.

Kitabu cha Nansen kilisafiri. Huko Austria kijana aitwaye Edi Hans Pawlata alisoma maelezo ya wasafiri kuhusu mgeuko, akaamua kuujaribu bila mwalimu. Mwaka 1927, katika ziwa Weissensee, alifanikiwa. Hutajwa kuwa mtu wa kwanza wa Ulaya kuupata mgeuko kwa kujifunza vitabuni, na mwaka uliofuata alichapisha kitabu chake kufundisha wengine. Mtindo wa kulishika kafi kwa kuliburuza mbele, mkono mmoja ukiwa kwenye ncha ya bapa, bado unaitwa kwa jina lake katika klabu nyingi za Ulaya. Ni jambo la kusikitisha kidogo. Mbinu yenyewe ilikuwa na karne nyingi, na majina ya walioianzisha hakuna aliyeyaandika.

Aliyekwenda kujifunza kwa wenyewe alikuwa Mwingereza Henry George Watkins, ambaye kila mtu alimwita Gino. Mwaka 1930, akiwa na miaka 23, aliongoza msafara wa watu 14 hadi pwani ya mashariki ya Greenland, karibu na Ammassalik, kutafiti njia ya ndege kati ya Ulaya na Amerika. Alikuwa na tabia iliyowashangaza wazungu wengine: aliamini kwamba wenyeji wanajua wanachokifanya. Alitengenezewa kayaki ya vipimo vyake, akakaa na wawindaji, akapinduka mara nyingi mpaka akaweza kurudi. Wenzake kadhaa walijifunza pamoja naye, akiwamo Frederick Spencer Chapman, ambaye maandishi yake kuhusu mgeuko yaliwafikia wasomaji wengi wa Kiingereza. Kwa Watkins huo haukuwa mchezo wa kupoteza jioni. Alitaka msafara ujilishe kwa uwindaji wake wenyewe, kama watu wa pale walivyojilisha.

Mwaka 1932 alirudi na wenzake watatu tu: Chapman, John Rymill na Quintin Riley. Walipiga kambi katika hori moja kaskazini mwa Ammassalik, mahali penye sili wengi na mto wa barafu unaomwaga vipande vyake baharini. Tarehe 20 Agosti asubuhi Watkins aliondoka peke yake kuwinda.

Mchana wenzake waliikuta kayaki yake inaelea imejaa maji. Baadaye juu ya kipande cha barafu wakaona suruali yake na mshipi wake wa kayaki, vimelowa. Mwili haukupatikana. Alikuwa na miaka 25.

Vitu hivyo viwili juu ya barafu vinaeleza jambo lililo zito. Mtu aliyezama ndani ya chombo chake haachi suruali barafuni. Inaelekea Watkins alikuwa nje ya kayaki, ama kwa sababu alipanda juu ya barafu na chombo kikaponyoka, ama kwa sababu wimbi la barafu iliyomeguka lilimng'oa. Akavua kilichokuwa kizito na kuogelea kukifuata, kama alivyofanya Nansen miaka 36 kabla yake. Mgeuko, ambao aliujua kuliko Waingereza wote wa wakati wake, haukuwa na nafasi ya kumsaidia. Unamwokoa aliyemo ndani ya kayaki. Aliye nje na yuko peke yake anahitaji kitu kingine.

Kitu hicho kingine ndicho kilichotafutwa na karne ya 20. Daktari wa Ujerumani Hannes Lindemann, aliyewahi kufanya kazi Liberia na aliyevuka Atlantiki mwaka 1955 kwa mtumbwi wa gogo uliochongwa huko, alivuka tena mwaka 1956, safari hii kwa kayaki ya kukunjwa ya turubai. Alitoka visiwa vya Kanari mwezi Oktoba na kufika kisiwa cha Saint Martin, Karibi, baada ya siku 72. Karibu na mwisho alipinduliwa usiku. Chombo kile chenye mzigo hakikuwa cha kugeuzwa kwa nyonga. Aliking'ang'ania kwa juu, kifudifudi, mawimbi yakimpiga mpaka kukapambazuka, ndipo akakigeuza. Lindemann alikuwa amejiandaa kwa miezi kadhaa kabla ya kuondoka, akirudia kila siku maneno ya kutokata tamaa hadi yakamkaa moyoni, na mwenyewe aliamini kwamba maneno hayo ndiyo yaliyomshikilia usiku ule.

Kwa waendeshaji wa kawaida, suluhisho lilikuja kwa njia ambayo mvuvi wa Kizimkazi angeitambua mara moja. Ni mfuko unaojazwa pumzi na kuvikwa kwenye bapa la kafi. Aliyepinduka na kutoka hukigeuza chombo, hulilaza kafi kwa kukingama nyuma ya tundu la kukalia, mfuko ukielea kando, kisha hujipandisha kwa kulikanyagia. Kafi limekuwa tengo na mfuko umekuwa rengu. Baada ya kukaa anayafua maji kwa pampu ya mkono. Kayaki za leo zina kuta za ndani tezi na omo, hivyo maji hujaza sehemu ya katikati tu. Wengine hupanda kwa nyuma, miguu ikining'inia pande mbili kama aliyepanda punda, wakisogea mpaka kitini. Wengine huingia chombo kikiwa bado kifudifudi, wakaketi kichwa chini, kisha wakajigeuza, yaani wanarudi kwenye njia ya zamani.

Mfuko huo umeokoa watu wengi, ila una udhaifu ambao kila mwalimu mwaminifu huutaja: hufanya kazi vizuri zaidi katika maji matulivu, na watu hupinduka zaidi katika maji yaliyochafuka. Wimbi lililokupindua bado lipo pale linakungoja. Na hapo unaonekana mzunguko wa ajabu wa historia, kwa sababu Wainuiti nao walikuwa na boya lao. Nyuma ya kila mwindaji kilikaa kiriba cha ngozi nzima ya sili kilichojazwa pumzi, avataq, kilichofungwa kwenye kamba ya chusa ili kumchosha mnyama na kumzuia asizame. Mwindaji aliyepinduka angeweza kukikumbatia kiriba hichohicho na kujiinua nacho.

Wakati Ulaya na Amerika zikijifunza, Greenland yenyewe ilikuwa inasahau. Tangu mwanzoni mwa karne ya 20 bahari ya kusini magharibi ilipata joto, sili wakapungua, chewa wakaja kwa wingi, na wanaume wakahamia uvuvi wa mashua na baadaye injini. Mwaka 1959 mwanafunzi wa Uskoti aitwaye Ken Taylor alipokwenda kijiji cha Illorsuit, kaskazini zaidi, bado aliwakuta wawindaji wa kayaki. Fundi Emanuele Korneliussen akamtengenezea moja. Taylor alirudi nayo Uskoti, Duncan Winning akaipima na kuichora, na kutoka michoro hiyo miaka ya 1970 ikazaliwa kayaki ya faibaglasi iitwayo Anas Acuta, ambayo iliathiri sana umbo la kayaki za bahari za Uingereza. Mamia ya waliojifunza kujiokoa ndani yake hawakujua kwamba wameketi katika kazi ya mikono ya mtu wa Illorsuit.

Kufikia miaka ya 1980, vijana wengi wa Nuuk hawakuwahi kukaa ndani ya kayaki. Wachache wakaamua kuirudisha. Walitafuta wazee waliobaki na ujuzi, akiwamo Manasse Mathaeussen, mwindaji aliyeujua mgeuko kwa namna nyingi na ambaye alikubali kuwafundisha akiwa na umri mkubwa. Katikati ya muongo huo kikaundwa chama cha kayaki cha nchi nzima, Qaannat Kattuffiat, na mashindano ya kila mwaka yakaanza. Mwaka 1998 bingwa alikuwa Maligiaq Padilla, kijana wa Sisimiut mwenye miaka 16, aliyekuwa amefundishwa na babu yake.

Katika mashindano hayo kuna migeuko zaidi ya 30 yenye alama zake. Crantz angeitambua mingi: kafi nyuma ya shingo, kafi mgongoni, kijiti cha kurushia chusa, kiganja kitupu. Upo wa kiwiko. Upo wa mikono iliyokunjwa kifuani, mithili ya mtu aliyefungwa kamba na sili. Upo ambao mshindani huvutwa kwa kamba na kundi la watu, kayaki ikienda upande, kama mnyama mkubwa anavyomkokota mwindaji, naye ajizuie asizame. Na upo wa jiwe, zito kuliko lile la Nansen, ambalo mshindani hushuka nalo na hana budi kuibuka nalo.

Kabla ya kufika majini kuna kamba. Hufungwa kati ya nguzo mbili, zimekazwa, juu kidogo ya vichwa vya watu, na mchezo wake unaitwa allunaariaqattaarneq. Zamani ulikuwa mazoezi ya majira ya baridi, bahari ikiwa imefungwa kwa barafu. Mtu hujisokota katika kamba hizo, hujizungusha mbele na nyuma, hupita kichwa chini, hutulia katikati ya mzunguko na kurudi juu kwa nguvu ya nyonga, mwendo uleule utakaotumika ndani ya chombo. Watoto huanza wakiwa wadogo, wakishikwa kiuno na mtu mzima, siku za mashindano ufukweni. Wakishuka viganja vimekuwa vyekundu, nao hukimbilia foleni tena.